Kupanda Mtende kwa Kokwa: Somo la Urithi katika Ua wa Nyumbani

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Ramadhani, maduka ya Mhunze, Mwadui na Shinyanga mjini hujaa tende zilizofungwa katika makasha na vifuko, zikitoka Saudi Arabia, Oman, Irani na kwingineko. Tende huliwa, kokwa hutupwa. Mara mojamoja kokwa huangukia mahali penye unyevu, karibu na mtungi wa maji au mahali pa kuoshea vyombo, na baada ya majuma kadhaa huchomoza jani moja jembamba, lililosimama wima kama jani la nyasi. Mwenye nyumba akilitambua hulizungushia miiba ili mbuzi wasilile, na tangu siku hiyo hulimwagilia maji akitumaini kwamba ipo siku atakula tende za uani kwake.

Mwandishi wa makala hii alipata kuonyeshwa mtende wa namna hiyo katika ua mmoja wilayani Kishapu. Ulikuwa umefikisha miaka tisa, mrefu kupita paa la nyumba. Kila mwaka ulitoa makarara, yakapasuka, yakaonyesha maua meupe yenye unga mwingi, kisha yakanyauka. Haikupatikana hata tende moja. Mzee mwenye ua akauliza: "Mwalimu, mti huu nimeupa maji miaka yote hii, hata miaka ambayo ng'ombe walikosa. Umerogwa, au ni tasa?"

Haukuwa umerogwa, wala haukuwa tasa. Ulikuwa dume.

Katika makala hii tutaeleza jinsi kokwa ya tende inavyoota na jinsi ya kuikuza nyumbani au shuleni. Lakini hasa tutaeleza jambo lile ambalo mzee yule hakuambiwa na mtu alipoanza, yaani kwamba apandaye kokwa moja anacheza bahati nasibu. Katika nchi ambayo kila ndoo ya maji ina mtu aliyeibeba, ni haki kila mpandaji aijue hesabu ya bahati nasibu hiyo kabla hajaanza.

Miti yenye dume na jike

Mimea mingi tuijuayo, kama vile kunde, pamba na mtama, hubeba viungo vya kiume na vya kike katika ua moja. Mahindi hubeba vyote viwili katika mmea mmoja, lakini mbali mbali: mbelewele juu, gunzi ubavuni. Mtende haufanyi hivyo. Mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, mwingine maua ya kike tu, na ule wa kiume hauwezi kuzaa tende hata ukipewa samadi na maji kiasi gani.

Jambo hili lisiwashangaze wanafunzi wa Kishapu. Yeyote aliyekulia Usukuma anaijua mihama, yaani mivumo, ile mitende mikubwa ya porini yenye shina lililofura katikati. Baadhi ya mihama huzaa matunda makubwa yanayoiva rangi ya manjano. Mingine haizai kamwe, bali huning'iniza mikia mirefu ya maua na basi. Wachungaji wanajua ni mhama upi wa kwenda kuokota matunda na upi wa kupumzikia kivulini tu. Hao wamekwisha jifunza nusu ya somo letu. Mkindu wa kandokando ya mito, ambao ukindu wake husukwa mikeka na vikapu, nao una dume na jike. Huo ni ndugu wa karibu wa mtende, wa jenasi moja nao, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Phoenix. Mtende wenyewe ni Phoenix dactylifera.

Ndani ya kokwa

Chukua kokwa ya tende, uioshe hadi utamu wote utoke, kisha uitazame. Upande mmoja una mfereji mrefu. Ugeuze upande wa pili: karibu na katikati utaona kidoa cha mviringo, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Chini ya kidoa hicho ndipo kilipolala kiinitete. Sehemu nyingine yote ya kokwa, ile iliyo ngumu kama mfupa, ni akiba ya chakula chake.

Akiba hiyo si ya kawaida. Mwalimu mwenye iodini aweza kufanya jaribio hili kwa dakika chache. Saga punje chache za mtama, uweke tone la iodini: unga utageuka rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, ishara ya wanga. Sasa kwangua kokwa ya tende kwa tupa au kisu kikali na uweke tone la iodini juu ya ungaunga huo. Rangi ile haitokei. Mtende hauweki akiba yake kwa namna ya wanga. Huijenga katika kuta nene za seli, kwa sukari zilizounganishwa kuwa kitu kigumu kiitwacho manani. Ndiyo sababu kokwa haitafuniki, na ndiyo sababu mche hukua polepole mwanzoni: kiinitete hakina budi kuuyeyusha mfupa huo kidogo kidogo kwa vimeng'enya vyake.

Namna ya kuota nayo yafaa kutazamwa kwa macho. Weka kokwa kadhaa katika gunia lililoloweshwa au katika chupa ya kioo yenye mchanga wenye unyevu, kando ya ukuta wa kioo ili zionekane. Baada ya majuma mawili hadi manane, kidoa hufunguka na kutoa kitu cheupe kama kamba kinachoelekea chini. Wengi hukiita mzizi. Si mzizi. Ni shina la jani la kwanza la mbegu, lililo wazi ndani kama mrija, ambalo ncha yake moja imebaki ndani ya kokwa ikinyonya chakula, na ncha ya pili inakibeba kiinitete na kukipeleka chini ardhini. Kikishafika chini, ndipo mzizi wa kweli hutoka na kuendelea kushuka, na baadaye jani la kwanza hupasua mrija huo na kupanda juu. Kwa hiyo mche haukui pale kokwa ilipolala, bali sentimita chache chini yake.

Msomaji atauliza, kuna faida gani kuzunguka hivyo? Jibu liko katika nchi za asili za mti huu. Jangwani uso wa ardhi huungua mchana. Mmea unaojichimbia chini kabla haujafungua jani hupata unyevu na kuepuka joto. Mhama wetu hufanya vivyo hivyo, tena kwa kina kirefu zaidi, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mihama michanga kustahimili moto wa nyika unaopita juu yake.

Kokwa hizi zina uhai wa ajabu. Katika miaka ya 1960 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kokwa za tende katika magofu ya ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, zenye umri wa miaka 2,000 hivi. Mwaka 2005 moja ilipandwa na Elaine Solowey kwa shughuli iliyoongozwa na daktari Sarah Sallon, nayo ikaota. Waliupa mti huo jina la Methuselah. Ulipochanua, ulionekana kuwa dume, kama ule wa mzee wetu wa Kishapu! Baadaye kokwa nyingine sita za kale kutoka sehemu zile ziliota, na kati ya hizo miti miwili tu ilikuwa majike. Mmoja wa majike hayo, uitwao Hannah, ulichavushwa kwa chavua ya Methuselah, na mwaka 2020 ukatoa tende. Kati ya kokwa saba, majike mawili: bahati nasibu haikuwapendelea hata wataalamu.

Hesabu ya sarafu

Seli za mtende zina kromosomu 36, yaani jozi 18. Jozi mojawapo ndiyo yenye kuamua jinsi. Mtende jike una kromosomu mbili za aina moja, X na X. Dume lina X na Y. Kila chembe ya chavua hubeba ama X ama Y, kwa uwezekano ulio sawa, na kokwa hupata jinsi yake kutokana na chembe iliyoifikia. Ni mpango ule ule unaofundishwa katika somo la urithi wa binadamu, na hapa mwalimu aweza kuufundisha kwa mti.

Kwa macho hakuna dalili ya kutegemewa katika kokwa wala katika mche itakayosema huu ni jike. Maabara zenye vifaa vya kuchunguza jeni zaweza kujua mapema; sisi wengine hatuna budi kungoja maua, ambayo hutokea mti ukiwa na umri wa miaka minne hadi minane.

Sasa tutafute uwezekano. Kokwa moja ni kama sarafu iliyorushwa mara moja: nusu jike, nusu dume. Lakini jike peke yake halitoshi, maana lisipopata chavua litatoa vitunda vidogo visivyo na kokwa wala ladha ya maana. Apandaye hahitaji jike tu. Ahitaji jike na dume. Akipanda kokwa 2, uwezekano wa kupata moja la kila jinsi ni 1/2. Akipanda 3, ni 3/4. Akipanda 4, ni 7/8. Akipanda 6, ni 31/32, yaani karibu asilimia 97. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waweza kuthibitisha hesabu hizi kwa kurusha sarafu, na kisha waitafute kanuni yenyewe: hesabu ya n ya mimea hukosa jinsi mojawapo kwa uwezekano wa mara mbili ya (1/2) kwa kipeo cha n.

Linganisha hesabu hiyo na ya maji. Kishapu hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Miezi ya kiangazi huwa karibu sita, nayo ni sawa na majuma 26. Tuseme mche mmoja wapewa lita 10 kwa juma ili usife. Huo utatumia lita 260 kila kiangazi, ambazo ni ndoo 13 za lita 20. Katika miaka sita ni ndoo 78. Mzee wetu alipoteza zaidi ya hapo kwa mti mmoja. Miche sita yataka ndoo 468 katika muda huo huo. Ni nyingi, hasa tukikumbuka kwamba aghalabu wabebaji ni akina mama na wasichana wa shule. Kwa maoni ya mwandishi, asiye na maji ya kuogea au ya kuoshea vyombo ya kuelekeza kwenye mti asianze peke yake; afadhali kaya tatu au nne za jirani zipande kokwa mbili mbili na kuhesabu miti yao yote kuwa shamba moja. Chavua haijui mpaka wa ua.

Kwa nini tende haitafanana na mama yake

Tuseme mpandaji amepata jike, na dume lipo. Je, atavuna tende kama ile aliyoinunua? Hapana. Atavuna tende nyingine, ambayo haijapata kuwapo duniani.

Mkulima aliyepata kuhifadhi mbegu kutoka katika mahindi chotara anajua kwamba mwaka wa pili shamba huwa la mchanganyiko: mengine marefu, mengine mafupi. Sababu ni kwamba chotara hubeba jeni za namna mbalimbali, nazo hugawanywa upya katika kila punje. Mtende ni chotara wa siku zote. Kwa kuwa dume na jike ni miti miwili tofauti, kila kokwa ni mtoto wa wazazi wawili, na hakuna awezaye kujichavusha mwenyewe. Na dume halizai tende. Kwa hiyo hatuwezi kujua kwa kulionja ni utamu gani limeuficha katika jeni zake.

Basi wakulima wa tende huendeshaje mambo? Hawapandi kokwa. Mtende ungali kijana huchipua watoto pembeni ya tako lake, kama mgomba uchipuavyo. Mtoto huyo si mzaliwa wa wazazi wawili. Ni kipande cha mwili wa mama, jeni zake ni zile zile, jinsi yake ni ile ile. Tende zote ziitwazo Medjool, Khalas, Barhi au Deglet Noor ni za miti iliyotokana na mmoja kwa njia hii, karne hadi karne, na siku hizi pia kwa kuotesha vipande vya tishu maabara. Mwaka 1927 mtaalamu wa Marekani, Walter Swingle, alichukua machipukizi 11 ya Medjool kutoka oasisi moja ya Moroko. Yalisalimika 9, na hayo ndiyo asili ya mitende ya Medjool iliyoenea Marekani hata leo.

Je, kokwa basi ni kazi bure? Tusikate shauri upesi hivyo. Waarabu waliokaa Tabora katika karne ya 19 walipanda mitende kando ya maembe yao, na mti huu ukazoea bara letu kwa kadiri yake. Lakini aina zenye majina makubwa zilichaguliwa kwa ajili ya Basra, Madina au Moroko, mahali ambapo mvua ya kiangazi haijulikani. Hakuna aliyechagua mtende kwa ajili ya Kishapu. Mahali pasipokuwa na aina iliyokwisha chaguliwa, kokwa nyingi zenye kutofautiana ndizo malighafi ya uchaguzi. Gharama ni miaka na maji. Faida, ikiwapo, ni mti mmoja kati ya ishirini unaoafikiana na mahali hapa, ambao machipukizi yake yatapandwa kwa majirani pasipo bahati nasibu tena.

Udongo na mahali

Waarabu husema kwamba mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake motoni. Moto wa kichwani Kishapu tunao. Ya miguuni ndiyo ya kufikiriwa.

Wasukuma wana majina ya udongo yaliyo sahihi kuliko ramani nyingi: juu ya mteremko luseni, wa mchanga mwepesi, chini yake itogolo, kisha ibambasi, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na bondeni mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, alitumia neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katena, kuuelezea mfuatano wa namna hii kutoka kilele hadi bonde, na neno hilo sasa hutumika duniani kote. Wakulima waliufahamu mnyororo huo kwa jembe.

Mtende huvumilia chumvi ya udongo kuliko karibu miti yote ya matunda, na kwa sababu hiyo wengine hudhani waweza kupandwa penye ibambasi. Mche mchanga hauna uvumilivu huo wa mti mkubwa, na tabaka gumu huzuia mizizi na kutuamisha maji. Mbuga nayo, ipasukapo, hukata mizizi midogo. Ushauri wetu ni luseni, karibu na nyumba, katika shimo la kina cha mita moja lililojazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mchanga hupitisha maji upesi, ni kweli, lakini kasoro hiyo hurekebishwa kwa samadi na matandazo ya mabua ya mtama; tabaka gumu halirekebishwi kwa jembe.

Kazi yenyewe

Chagua tende zisizochemshwa, kutoka maduka tofauti, ili kokwa ziwe za asili mbalimbali. Osha kokwa, ziloweke siku mbili au tatu ukibadilisha maji kila siku, kisha zipande kwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba, miezi ya joto kali, kwa kuwa kokwa huota upesi zaidi joto lifikapo nyuzi 30 hadi 35. Tumia vifuko virefu, maana tumekwisha ona kwamba mche hutangulia chini. Kifuko kifupi huukunja mzizi. Usiifukue kokwa ili kutazama kama imeota. Mrija ule mweupe ukivunjika, mche umekufa.

Jani la kwanza halina mipasuko, na mwanafunzi asiyejua huling'oa akidhani ni magugu. Acha mche kifukoni hadi mvua za mwaka unaofuata, utakapokuwa na majani manne au matano, ndipo uuhamishe shambani masika yanapoanza. Usizike moyo wa mche chini ya udongo. Mtende una kikonyo kimoja tu cha kukulia, pale kileleni. Hauna ngozi hai ya kuchipua matawi kama mwembe, na moyo ukioza au ukiliwa na mbuzi, shina hilo halina njia nyingine.

Uzio ni lazima. Minyaa hufaa, lakini huchukua muda kukua, kwa hiyo anza kwa matawi ya miiba. Matandazo yasiguse shina, kwa sababu ya mchwa. Wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa thamani ya uzio: baada ya mapori kufyekwa katika miaka ya 1920 na iliyofuata ili kuangamiza mbung'o, na baada ya mashamba ya pamba na mifugo kuongezeka, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, ulirudisha miti kwa sehemu kubwa kwa kuitumia tena desturi ya ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho wakati wa masika. Mche wa mtende wahitaji ngitili yake ndogo.

Kuchavusha kwa mkono

Porini upepo hupeleka chavua. Katika bustani wakulima hawakuutegemea tangu zamani sana. Theophrastus, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliandika habari za kazi hii yapata miaka 2,300 iliyopita. Karara la dume likipasuka, kata vishada vya maua yake, vianike kivulini, vitoe unga. Karara la jike lipasukapo, katika siku chache za mwanzo, ingiza vishada viwili au vitatu vya dume, vichwa chini, katikati ya maua ya kike na uvifunge kwa kamba ya ukindu. Chavua iliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu penye ubaridi hudumu miezi kadhaa. Dume moja latosha majike 50 hivi.

Kwa hiyo mzee wetu alishauriwa asiukate mtende wake. Mti ambao haukumpa tende waweza kuwa baba wa tende za kata nzima, endapo majirani watapanda. Na aliye na jike pekee, asiye na dume karibu, ajaribu chavua ya mkindu wa mtoni: jamaa hizi mbili zaweza kuzaana. Lakini ajue kwamba chavua huathiri hata umbo la tunda na wakati wa kuiva, si kokwa tu. Jambo hilo lilielezwa na Swingle yule yule mwaka 1928, naye akalipa jina la metazenia.

Mvua wakati wa kuiva

Tende huchukua miezi sita au saba tangu kuchavushwa hadi kuiva kabisa. Namibia, iliyo kusini ya ikweta kama sisi, mitende huchanua Julai hadi Septemba na tende huanza kuvunwa mwezi wa Februari. Mtende wa Kishapu ukifuata kalenda hiyo, tende zake zitalainika katikati ya masika. Tende iliyolainika ikipigwa na mvua hupasuka, huchacha na kuota ukungu. Hili, na wala si joto, ndilo kikwazo kikubwa zaidi cha zao hili kwetu, na ndilo jambo la kwanza la kuangalia katika kuchagua: ni mti gani unaochelewa au kuwahi, na ni upi ambao tunda lake ni tamu lingali gumu.

Tende hupita hatua ambazo Waarabu wamezipa majina. Ikiwa kijani huitwa kimri, ikigeuka manjano au nyekundu, ingali ngumu, khalal, ikilainika, rutab, ikikauka, tamr. Nyingi huwa chungu na kukaza ulimi katika hatua ya khalal, lakini baadhi, kama Barhi, huliwa hapo hapo. Oman kuna njia nyingine inayotufaa kuitazama: tende za aina iitwayo Mabsali huvunwa zikiwa khalal, huchemshwa katika masufuria makubwa, kisha huanikwa juani hadi zikakauka kabisa. Mama yeyote wa Kisukuma ataitambua kazi hiyo mara moja. Ndivyo yanavyotengenezwa matobolwa: viazi vitamu huchemshwa, hukatwa, huanikwa, na kuwekwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Ufundi tayari upo nyumbani, na jua la baada ya mvua lipo; kinachotafutwa ni mti.

Mazoezi ya darasa

1. Panda kokwa 20 katika vifuko vyenye namba. Andika katika daftari tarehe ya kupanda, ya kuota na ya kila jani jipya, pamoja na duka ilikonunuliwa tende. Daftari likabidhiwe kwa kidato kinachofuata kila mwaka, kwa kuwa watakaoona maua sio waliopanda.

2. Shule ina mitende 5 ambayo haijachanua. Tafuta uwezekano wa kuwa na angalau dume moja na jike moja. Mitende miwili ya kwanza kuchanua imeonekana kuwa madume. Uwezekano huo sasa ni kiasi gani?

3. Pima maji yanayomwagwa nyumbani kwenu kwa siku moja baada ya kuosha vyombo na kuoga. Yangetosha miche mingapi katika kiangazi cha majuma 26, kwa lita 10 kila juma?